Mashine ya Sita

Mwizi aliyeingia kiwanda cha soksi cha Perunika alifagia kabla ya kuondoka.

Inspekta Zdravka Mineva aliliona hilo kabla ya lingine lolote. Ukumbi mzima ulikuwa na vumbi la miaka sita, vumbi zito la pamba na sufu, lakini kwenye kona ya dirishani, mashine ilipokuwa imesimama, sakafu ilikuwa safi. Alama za ufagio zilionekana bado, zimepangana, kazi ya mtu aliyezoea kufagia pahala palepale.

"Zilikuwa sita," alisema Svilen Karaivanov. "Ijumaa nimezihesabu mwenyewe. Leo Jumanne ziko tano. Na lori la vyuma chakavu linakuja keshokutwa kuzibeba zote."

Svilen alikuwa mtoto wa hapahapa Gorni Brod, aliyetajirika kwa kuuza vigae vya bafuni. Kiwanda alikinunua masika kutoka kwa mfilisi, akigeuze bohari. Alisimama na funguo mkononi, anazichezesha, kama mtu mwenye miadi mingine.

Zdravka alipiga magoti. Boliti nne zilizoishikilia mashine zilikuwa zimefunguliwa kwa spana, kisha zikarudishwa kwenye matundu yake na kupakwa grisi. Ukutani, nyaya za umeme zilizokuwa zikiilisha zilikuwa zimezungushiwa utepe wa umeme kila ncha, asije mtu akapigwa shoti.

"Koplo," alimwita Tihomir, aliyekuwa akipiga picha. "Ungekuwa mwizi wa vyuma, humu ungeanza na nini?"

Koplo Tihomir alibakiza miezi minne astaafu na hakuwa na haraka na swali lolote. Alitazama dari. "Ile shaba pale juu, mkuu. Nene kama kidole gumba. Mita sitini hazipungui."

"Mbona imebaki?"

"Hata mimi nashangaa."

"Na boliti ungezifungua?"

"Ningezikata."

"Ungefagia?"

"Kwangu penyewe sifagii."

Svilen alizikamata funguo zisilie. "Inspekta, mwizi si mnaye? Asubuhi mmemkamata na kifuniko cha mashine mkokotenini. Mnatafuta nini tena?"

Ni kweli walikuwa naye. Aspo, muokota vyuma wa mtaa wa ng'ambo ya mto, mtaa ambao mji uliudharau, alisimamishwa alfajiri kwenye njia ya kutokea mjini, yeye na farasi wake. Chini ya magunia walikuta kifuniko cha bati chenye rangi ya kijani ya Perunika. Aspo alikuwa na kifungo cha nje cha miaka mitatu, kwa kuiba nyaya za simu. Saa kumi na moja jioni mwendesha mashtaka wa wilaya angepiga simu kuuliza kama afungue kesi. Akifungua, ile miaka mitatu inaamka, na ataitumikia gerezani.

"Niletee hati ya mauziano ya kiwanda," Zdravka alisema. "Kabla ya saa kumi."

"Yote? Ina kurasa themanini."

"Yote, na viambatisho vyake."

Walipotoka nje Tihomir alimsogelea. "Mkuu, mimi naona mwenye mali kajiibia. Bima."

"Mashine ya chuma chakavu nani anaikatia bima?"

Tihomir alifikiri mpaka kwenye gari. "Basi si bima," alisema.

*

Aspo aliuliza kwanza habari za farasi.

"Amekula?"

"Koplo amempa majani ya uani," alisema Zdravka.

"Ya uani kwenu? Yamejaa mafuta ya magari, Inspekta! Atanifia. Mpeni mkate, hata mkavu. Anapenda na tufaha, lakini sitaki kuwasumbua."

Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano, mwembamba, kofia ameikunja mapajani. Walimnyang'anya mkanda na kamba za viatu kama sheria inavyotaka, na viatu vikawa vinampwaya.

"Kile kifuniko umekitoa wapi?"

"Nimekiokota."

"Wapi?"

"Barabarani."

"Barabara ipi?"

"Inspekta, barabara zetu unazijua. Kila shimo na chake."

"Ulikuwa unakipeleka wapi?"

"Matembezi tu. Mimi, farasi na kifuniko."

Zdravka hakucheka, ingawa Tihomir mlangoni alikohoa. Mguu mmoja wa Aspo ulikuwa umechomoka nusu kwenye kiatu kisicho na kamba, na soksi ilionekana. Ya sufu, buluu iliyoiva, mpya.

"Soksi nzuri," alisema.

Aspo akaurudisha mguu chini ya kiti. 

"Vua."

"Inspekta, mimi ni mume wa mtu."

"Vua moja."

Akavua. Zdravka aliigeuza ndani nje chini ya taa. Ncha ya vidole ilikuwa imefungwa kwa mkono, kitanzi kwa kitanzi, bila fundo. Kisigino kilifumwa kwa nyuzi mbili, buluu na kijivu. Kisigino hicho hakuna mtoto wa Gorni Brod ambaye hakwenda nacho shule, yeye Zdravka mmojawapo, mpaka mwaka wa tisini na saba kiwanda kilipofungwa. Lakini sufu hii ilikuwa bado inanuka kondoo. Ilifumwa juzijuzi.

"Umenunua wapi?"

"Sokoni."

"Sokoni wanauza za Kituruki. Zinatoboka kabla hujafika nyumbani."

"Basi nina bahati."

Zdravka aliiweka soksi mezani. "Aspo, nisikilize. Saa kumi na moja simu italia pale. Miaka mitatu. Mashine ile hukuichukua wewe. Wewe ulikodiwa na mkokoteni wako, na kifuniko ndicho cha mwisho kubebwa. Nani alikukodi?"

Aspo aliinyoshea soksi mkono.

"Nirudishie, Inspekta," alisema kwa upole. "Sakafu yenu ina baridi."



*

Mwenye ua wa vyuma chakavu, kando ya reli, alijibu bila hata kushuka kwenye winchi. "Mashine ya soksi? Mwili wake chuma cha kutupwa. Ningeipiga nyundo siku nzima, mji wote ungesikia. Sijaletewa."

Kwa hiyo mashine ilikuwa hai. Nayo ilikuwa na sindano mia moja sitini na nane, kila moja na tundu lake, kila moja na urefu wake. Ukiifungua vipande vipande, Gorni Brod nzima mtu wa kuirudisha alikuwa mmoja tu: Nedyalko Hinov, fundi mkuu wa Perunika kwa miaka thelathini na mmoja.

Mke wake, Radka, alikuwa barazani anachoma pilipili hoho za msimu. Ndoo tatu zilizochomwa zilikuwa zimefunikwa zikipoa, na gunia zima lilikuwa linasubiri. Mtaa wote ulikuwa na moshi uleule mtamu, kila baraza na mama wake.

"Kaa, mwanangu," alisema Radka, na kabla Zdravka hajakaa alikuwa na kipande cha mkate mkononi, jibini na hoho ya moto juu yake.

"Mzee yupo?"

"Hayupo. Kaenda kwaya."

Zdravka aliacha kutafuna. Mzee Nedyalko masikio aliyaacha ndani ya ukumbi wa mashine. Siku alipostaafu, hotuba ya kumuaga waliiandika kwenye kadi wakamwonyesha.

"Kwaya gani, Mama Radka?"

"Ile ya akina mama wa Perunika, kwenye nyumba ya kusomea. Zamani walikuwa wanaimba Alhamisi tu. Tangu Jumamosi ni kila siku, asubuhi na jioni. Eti wana mashindano."

"Na mzee anaimba sauti gani?"

Radka aligeuza hoho kwa vidole, haimuunguzi. "Nimeolewa miaka arobaini na minne," alisema. "Mambo mengine siulizi. Miaka sita huyu mtu amekaa pale dirishani anatazama bomba la moshi la kiwanda. Jumapili karudi nyumbani anapiga mluzi, kucha nyeusi tii. Unataka nimuulize sauti gani?"

Alimfungia Zdravka hoho nne kwenye gazeti. Alipomkabidhi hakuliachia gazeti mara moja. "Kama amefanya kitu, mwanangu, mvalishe koti unapomchukua. Kifua chake kibovu."

*

Nyumba ya kusomea, yenye maktaba na jukwaa, ilijengwa kwa michango ya wenyeji zamani sana, kabla ya vita, na kila serikali iliyokuja ilipaka rangi mlango wa mbele na kusahau paa. Zdravka aliingia kimya akakaa kiti cha nyuma.

Jukwaani walisimama wanawake watano, wote wamepita sitini. Mbele yao Tsona Vasileva alichapa mkono hewani. Tsona alikuwa msimamizi wa zamu ya kwanza tangu Zdravka hajazaliwa mpaka siku ya mwisho ya kiwanda, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuvuka ukumbi wa mashine bila kipaza sauti. Walikuwa wanaimba wimbo wa mavuno, na waliuimba kwa nguvu kuliko unavyohitaji.

Wimbo ule unachechemea, kama nyimbo nyingi za kwao: hatua mbili fupi, moja ndefu. Lakini chini ya viti, kwenye mbao za sakafu, Zdravka aliusikia mdundo mwingine kwa nyayo zake. Huu haukuchechemea. Ulikwenda sawasawa, taka-taka-taka, haupumui, haungoji ubeti.

Tsona alimwona. Mkono ukaganda hewani na wanawake wakanyamaza.

Sakafu iliendelea.

Taka-taka-taka-taka.

Mmoja wa wanawake alianza ubeti mwingine peke yake, kwa sauti ya kuomba. Tsona alikanyaga ubao mara mbili kwa kisigino, kwa nguvu. Chini kule hakuna kilichobadilika.

"Hasikii, Shangazi Tsona," alisema Zdravka kutoka kitini. "Ni kiziwi."

Tsona alishusha mkono. Alimtazama Zdravka kutoka kwenye viatu mpaka kwenye beji.

"Taa ndiyo tunayomwashia," alisema hatimaye. "Lakini swichi iko nyuma ya jukwaa, na huyu Penka aliyepewa zamu ya swichi kaona leo aimbe."

"Ubeti huu naupenda," alisema Penka.

Waliteremka kwa ngazi ya zege. Ghala la chini ya jukwaa lilikuwa limepakwa chokaa, lina joto, lina taa mbili nzuri. Mashine ilisimama katikati juu ya mbao nene, silinda inazunguka, sindano zinapanda na kushuka kama watu wanaoinama na kuinuka, na soksi ya buluu inateremka chini yake kidogo kidogo. Mzee Nedyalko alikuwa amekaa kando yake juu ya ndoo, kiganja chake amekiegemeza kwenye mwili wa mashine. Alikuwa anaisikiliza kwa mkono. Alipoinua uso na kumwona polisi hakushtuka. Aliinua kidole: subiri. Alingoja kisigino kimalizike, ndipo akazima.

"Nani kamwita?" aliuliza kwa sauti ya viziwi.

"Kaja mwenyewe!" Tsona alipaza sauti mbele ya uso wake.

"Anafanana na mama yake," alisema Nedyalko. "Mpe kiti."

Zdravka hakukaa. "Mlijuaje kuna lori?"

"Mji huu?" alisema Tsona. "Dereva wa lori ni mkwe wa Penka. Tuliposikia Alhamisi, usingizi ukakatika. Zile tano zimeshakufa, Mungu azirehemu. Hii nzima. Nedyalko kila Krismasi alikuwa anaingia kwa dirisha la choo kuipaka mafuta. Miaka sita. Sasa waje wauze kwa kilo?"

"Ungeweza kumwomba Svilen."

"Nilimwomba. Alikuwa na simu sikioni, akaniinulia mkono, hivi." Tsona aliinua kiganja. "Mimi nilimfuta kamasi yule mtoto."

"Kwa hiyo mkaiba."

Neno lile halikumpendeza mtu. Penka alishika aproni yake.

"Ngoja nikwambie, mwanangu, kuhusu kuiba," alisema Tsona. "Mwaka wa tisini na sita walitugawia vocha za hisa. Wakasema, ubinafsishaji, wananchi, sasa kiwanda ni chenu. Nikasimama foleni saa nne. Kulikuwa na kijana mwenye tai pale posta, anakusanya vocha, anazipeleka kwenye mfuko wa uwekezaji, anasema zitazaa. Nikampa. Wote tukampa. Mwaka uliofuata kiwanda kimefungwa, kijana hayupo, na mimi nimeletewa kalenda."

"Kalenda nzuri lakini," alisema Penka. "Picha za bahari."

"Nzuri. Bado ninayo. Mimi niliajiriwa pale nina miaka kumi na saba, na kwa yote hayo nilipewa miezi kumi na miwili ya bahari."

Zdravka alizunguka mashine polepole. Kila mashine ya Perunika ilikuwa na bamba la shaba lenye namba ya kiwanda, limepigwa ribiti mbele. Tano alizoziona asubuhi zote zilikuwa nalo. Hii haikuwa nalo, wala matundu ya ribiti. Mguu mmoja ulikuwa wa rangi tofauti na mingine mitatu.

"Hii kwenye orodha ya mali ilikuwa namba ngapi?"

Akina mama wakatazamana. Halafu mmoja akaanza kucheka, akafuata mwingine, mpaka Nedyalko akauliza nini, na Tsona akamwonyesha vidole sita na kuvifuta hewani. Naye akacheka.

"Haikuwa na namba," alisema Tsona. "Haikuwemo. Sikiliza. Serikali kule Sofia ilileta mpango: jozi laki nne kwa mwaka. Mashine tano. Moja ikiharibika, kipuri unaagiza, kinakuja mwaka wa pili, na mpango haungoji. Usipofikisha, mkurugenzi anaitwa. Ukizidisha, mwaka ujao wanakuongezea. Basi mwaka wa sabini na saba Nedyalko akasema, tuunde moja. Jalalani nyuma ya ua kulikuwa na mifupa ya mashine za zamani. Yanka alikuwa mfagizi, jalala analijua kama jiko lake. Akawa analeta kipande leo, kipande kesho, kwenye toroli chini ya takataka. Miezi minane."

"Na wakaguzi?"

"Mkaguzi akija tunaitandikia kitambaa, tunaweka keki juu. Vitabuni mashine tano na meza moja. Miaka kumi na miwili wamekula keki juu yake, wakaandika kila kitu sawa."

"Yanka yupi?"

Tsona alijifuta macho, kicheko kikamwisha. "Mama yake Aspo. Amefariki miaka minne sasa. Ndiyo maana tulimwambia yeye na mkokoteni. Tusingemwambia mwingine. Tumempa jozi mbili, akakataa jozi ya tatu. Leo hajaonekana, nadhani kaenda kwa dada yake."

"Aspo yuko mahabusu," alisema Zdravka. "Tangu alfajiri. Alikuwa anakwenda kukizika kile kifuniko, nadhani, kisionekane na rangi yake. Ana kifungo cha nje cha miaka mitatu. Nimemuuliza nani alimkodi, na amenyamaza."

 Penka alikaa chini kwenye gunia la sufu. Tsona alifungua aproni, akaikunja mara mbili, mara nne.

"Basi tuandike," alisema. "Sasa hivi. Kalamu unayo?"

"Leo nimekuja kusikiliza kwaya," alisema Zdravka. "Kalamu nimeiacha garini."

*

Svilen alifika kituoni saa kumi kasoro robo na faili nene la buluu. Zdravka alilisoma ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, huku Svilen akiangalia saa. Kifungu cha tisa alikisoma mara mbili.

"Hiki nani aliandika?"

Svilen aliinama. "Wakili wangu. Kwa sababu ya yale mapipa ya rangi na asidi nyuma ya jengo, ya tangu enzi za Chama. Kuyaondoa ni ghali kuliko jengo lenyewe. Wakili akasema tuweke wazi kuwa siyachukui."

"Nisomee kwa sauti."

"'Mnunuzi anapokea vitu vilivyotajwa katika kiambatisho cha tatu pekee. Kitu kingine chochote kilichobaki kiwandani si mali yake wala si jukumu lake.'"

"Na kiambatisho cha tatu, mashine za kufuma?"

Alifunua. Kidole chake kilishuka kwenye namba, kikafika mwisho, kikarudi juu. "Tano," alisema.

"Asubuhi ukumbini tumekuta ngapi?"

"Tano."

"Umeibiwa nini, Svilen?"

"Inspekta, nimeiona kwa macho yangu! Ya sita ilikuwepo!"

"Nakuamini. Ukitaka naandika ilikuwepo na ni yako, ingawa haikutajwa. Ila nikiandika kwamba visivyotajwa ni vyako, nitaandika na mapipa. Yako arobaini na moja. Kesho nawapigia watu wa mazingira."

Svilen alifunga faili. Uso ulimwiva, na Zdravka akangoja hasira. Badala yake akauliza, "Kwa nini haikutajwa?"

"Kwa sababu kila ukaguzi ilikuwa meza. Wakaitandikia kitambaa na kuweka keki."

Kitu kikalegea usoni mwa Svilen. "Keki alioka mama yangu," alisema. "Alikuwa mpishi pale. Akinichukua kazini, mimi nakula makombo, nimelala juu ya ile meza. Ilikuwa na joto siku zote." Alitikisa kichwa. "Nilidhani ni joto la keki."

Akavuta karatasi ya malalamiko, akaandika chini yake kwamba amehesabu vibaya, akasaini. Alipofika mlangoni akageuka. "Inafanya kazi?"

"Sijui unazungumzia mashine gani," alisema Zdravka.

Ndipo Tihomir akaingia. "Mkuu, njoo uone. Viti havitoshi."

Kwenye ukumbi wa mbele walisimama wanawake sita na mzee mmoja. Kila mmoja alikuwa na begi: nguo za ndani, mkate, dawa za presha. Radka naye alikuja nyuma na koti la Nedyalko mkononi. Walikuwa wamevuka mji mzima kwa miguu, na watu wa sokoni waliwafuata mpaka getini kuona kuna nini.

"Tumeiba mashine," alitangaza Tsona kwa ile sauti yake. "Mwachieni Aspo. Mtukamate sisi."

"Shangazi, hakuna mashine iliyoibiwa."

"Ipo! Ina miaka ishirini na sita!"

"Shangazi Tsona, haipo vitabuni, haipo kwenye hati, na mwenye kiwanda amesaini kuwa hajapotelewa. Naomba unyamaze."

"Sinyamazi! Nimebeba silinda kwa mikono hii—"

Svilen, aliyekuwa anajipenyeza kutoka, alisimama mbele yake. Alivua kofia. "Shangazi," alisema. "Nilikuinulia mkono wiki ile. Nisamehe." Akatoka upesi kabla hajajibiwa.

Simu ililia saa kumi na moja kamili. Zdravka aliongea dakika moja, akasema hakuna mali iliyopotea, hakuna kosa, akakata. Tihomir alimleta Aspo, kamba za viatu mkononi. Aspo aliwaona wote wamesimama na mabegi yao, akatazama chini.

"Si ningenyamaza tu," alisema. "Mmekuja kufanya nini?"

"Mjinga wewe!" Tsona alimkamata mashavu kwa viganja vyote viwili. "Miaka mitatu! Kwa ajili ya chuma!"

"Si kwa ajili ya chuma, Shangazi." Alizisokota kamba za viatu. "Walipoanza kupunguza watu, wa kwanza walikuwa sisi wa ng'ambo ya mto. Mama akatoka na ndoo yake. Wote walikuwa wanatazama pembeni. Wewe ulizima mashine, ukatoka naye mpaka getini, ukamwita ndugu Yanka mbele ya walinzi. Alikuwa anasimulia mpaka anakufa. Tangu hapo hakuna aliyemwita ndugu."

 Tsona aligeuka kwa Zdravka, macho yamemjaa machozi, akadai karatasi.

"Karatasi ya nini?"

"Umesema haipo vitabuni. Basi iingie."

Zdravka alimpa. Wakainama wote kwenye kaunta ya polisi na Tsona akaandika kwa herufi kubwa za msimamizi wa zamu: mashine ya kufuma soksi, iliundwa Gorni Brod mwaka elfu moja mia tisa sabini na saba, kwa vipande vya jalalani, na hawa wafuatao. Nedyalko akasaini kwanza. Wakafuata wanawake, mmoja mmoja. Mwisho Tsona aliandika jina la Yanka, na pembeni yake neno: mrithi.

"Jina lako lote," alimwambia Aspo.

"Asparuh Asenov Yanev." Alitazama kalamu inavyokwenda. "Mrithi ndiyo nini hapo?"

"Ndiyo kwamba kesho saa moja asubuhi uko ghalani. Nedyalko anahitaji mtu wa kumfundisha sindano kabla hajafa."

Aspo alimgeukia Zdravka kama anayeomba ruhusa. "Inspekta, kwani mimi niko huru?"

"Uko huru."

"Hayuko huru," alisema Tsona, anapulizia wino ukauke. "Ana zamu."